Kabla hamjanunua mashine ya macho

Likoni, Mombasa

Ndugu yangu Swaleh,

Salaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa ndani ya feri, simu nimeibana sikioni kwa ajili ya upepo. Huku hatujambo. Bi Mkubwa wako nilimpitia Ijumaa baada ya sala, yu mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua, na ile bahasha uliyompa mtu amletee imefika salama.

Umeniuliza kama wenzako wa Muscat, mchango ukitimia, mkinunua mashine ya fako, ya kupasulia mtoto wa jicho, mkaitoa kwa hospitali ya umma huku kwetu, mtakuwa mmefanya jambo la maana. Nimekaa na swali lako siku nne, maana najua mlivyojinyima. Jibu langu ni kwamba msinunue. Mashine si mbaya hata kidogo. Lakini huu mwaka wa kumi na moja niko stoo ya kliniki ya macho, na kila siku ya upasuaji ni mimi ninayetoa vitu rafuni. Naviona vinavyotoka na naona vinavyokwisha.

Mtoto wa jicho, kama ujuavyo, ni lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu. Hakuna matone ya kuuyeyusha ukungu huo, sharti lenzi itolewe na nyingine itiwe. Zamani jicho lilikatwa mkato mpana, milimita kumi na kitu, kisha likashonwa, na nyuzi zile zilimkera mgonjwa wiki nzima kama mchanga. Siku hizi wanaotibu watu wengi kwa siku moja hutumia njia ya tundu dogo. Daktari hukata mshazari kwenye weupe wa jicho, kama milimita sita au saba, akatoa kiini kizima kwa mkono, akatia lenzi, na presha ya jicho lenyewe hulibana tundu bila uzi. Fako ndiyo hiyo mnayoitaka. Aliianzisha Charles Kelman huko Marekani mwaka 1967. Sindano inayotetemeka kwa mawimbi ya sauti huvunjavunja kiini na kukifyonza, kidonda hakifiki hata milimita tatu, na lenzi huingizwa ikiwa imekunjwa.

Sasa njoo stoo kwangu. Mgonjwa wa tundu dogo namtolea visu vyake, jeli ya kulindia jicho, maji ya kuoshea, matone, na kijisanduku cha lenzi ngumu kinachoenea kiganjani. Vyote vinakaa kwenye sinia ya chai. Mgonjwa wa fako namtolea hivyo hivyo, kisha naongeza kaseti ya mashine, neli zake, ncha ya sindano na kifuniko chake cha silikoni, na lenzi ya kukunjika pamoja na bomba lake la kuisukumia. Baadhi ya hivyo mtengenezaji ameandika vitumiwe mara moja vitupwe. Kaseti ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, kwa hiyo ukishapokea mashine umeshachaguliwa duka la kununulia miaka yote. Hayo nyinyi hamtayaona kwenye risiti yenu. Atakayeyalipa ni hospitali, yaani bajeti ya kaunti, na makato ya SHA, bima ya afya ya serikali, ambayo kwangu ni asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi.

Nakuomba ukumbuke hesabu hii moja tu, uisome kwenye mkutano wenu. Hospitali ya macho ya Aravind, kule kusini mwa India, walipiga hesabu ya kinachoitoka hospitali kwa kila jicho, wakaichapisha mwaka 2004. Mkato mpana wa kushona ulikula takriban dola 16, tundu dogo dola 17, fako dola 25 na nusu. Bei zimepanda tangu hapo, lakini tazama uwiano wake: fedha ya wagonjwa wawili wa fako inatosha wagonjwa watatu wa tundu dogo. Mtu mmoja zaidi, Swaleh, katika kila watatu. Na hao Aravind ni watu waliokuwa na mashine tayari, mafundi wao wako karibu, na tangu 1992 kiwanda chao cha Aurolab kinawatengenezea lenzi wenyewe. Sisi tuko mbali zaidi na kila kitu.

Utaniuliza, je, maskini apewe cha hali ya chini? Swali hilo ndilo liliniuma mimi pia zamani. Mwaka 2007 ulitolewa utafiti kutoka Nepal, wagonjwa 108 waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapasuliwa na Dkt. Sanduk Ruit kwa tundu dogo na nusu na Dkt. David Chang wa California kwa fako. Baada ya miezi sita karibu wote wa pande zote mbili walikuwa wanaona vizuri. Tofauti ilikuwa saa: tundu dogo lilichukua kama dakika tisa, fako kama kumi na tano na nusu. Na wazee wetu wanaokuja wamechelewa, lenzi imeshakuwa ngumu na ya kahawia kama kokwa la tende, ndio hasa wanaoisumbua fako, maana ugumu ule unataka mawimbi mengi na mawimbi mengi huchosha kioo cha mbele ya jicho.

Sitaki kukuficha upande wa pili. Fako ina faida yake. Kidonda ni kidogo zaidi, umbo la jicho halibadiliki sana, na wengi huona mbali bila miwani mapema zaidi. Fundi wa cherehani au dereva wa lori mwenye lenzi ambayo haijakomaa, ningempeleka fako bila kusita, akiwa na uwezo. Ile fako ya kusaidiwa na leza inayotangazwa siku hizi ndiyo nisingeipa hata shilingi ya umma: Ufaransa waliijaribu katika hospitali tano za vyuo vikuu, matokeo yakatoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2020, haikuishinda fako ya kawaida na gharama ilikuwa kubwa zaidi.

Kuna hospitali moja ya umma, sitaitaja, nilikwenda kuazima lenzi. Pembeni mwa chumba cha upasuaji kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka la kijani, juu yake wamepanga maboksi ya glavu. Nikafunua. Mashine ya fako, ya msaada, ingali na utepe wa sherehe kwenye kishikio. Kaseti zilikwisha, zikakosa fungu la kununuliwa. Muuguzi akaniambia miezi miwili ile walikuwa wanarudisha wagonjwa nyumbani kwa kukosa visu. Visu, ndugu yangu.

Na kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye daftari langu wala la kaunti. Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Lunga Lunga, ameshikwa mkono na mjukuu wa darasa la sita. Matatu mpaka Likoni, feri kwa miguu haina nauli, kisha tuktuk, na kila safari ni ya watu wawili. Alikuja kupimwa, akaja kupasuliwa, akaja kufunguliwa. Nilimuuliza yule mtoto amekosa siku ngapi shuleni. Akaniambia hazijui, maana kabla ya hapo ndiye aliyekuwa akimpeleka bibi msalani na kisimani.

Asubuhi alipofunguliwa bandeji tulikuwa tunagawa wali kwa wagonjwa wa mbali. Bibi alipewa sahani yake, akaiinamia, akaokota chuya kwa vidole viwili, akaiweka ukingoni. Akaokota nyingine. Kisha akamwambia mpishi kwa sauti ya mtu mwenye nyumba yake, "Mchele huu hamkuuchagua." Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini. Lile lilikuwa jicho la tundu dogo, vifaa vyake vilienea kwenye sinia.

Kwa hiyo mkinisikiliza, fedha hiyo igawanyeni. Fungu kubwa liwe lenzi, visu na jeli za mwaka mzima, kwa mkataba kwamba hospitali itaonyesha zilivyotumika. Fungu la pili limsomeshe daktari mmoja wa umma njia ya tundu dogo mpaka mkono wake ukomae. La tatu liwe nauli ya mgonjwa na anayemshika mkono. Daktari wetu amekubali kuzungumza nanyi kwa simu siku yoyote baada ya Isha. Mimi Jumatatu nitakaa na daftari niandike bei za kila kitu kama zilivyo leo, moja moja, nikutumie kabla ya mkutano.

Niambie mnakutana lini, nisije nikachelewa.

Ndugu yako,
Athumani