Madawati yakaguliwe kabla ya vanishi: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: UKAGUZI WA MADAWATI YA ZABUNI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni fundi seremala katika halmashauri yako. Madawati ya shule nimeyatengeneza na mabovu nimeyakarabati, na karibu yote ninayoletewa yana ugonjwa mmoja: mbao nzima, kiungo kimekufa.

Hati ya zabuni inataja urefu wa dawati, upana wa meza, aina ya mbao, hadi rangi ya vanishi. Kuhusu mguu unavyoungana na mbao ya kukalia, inasema tu liwe "imara". Uimara huo kila mzabuni anaupima kwa mfuko wake.

Niruhusu nieleze kinachotokea karakana, maana wakaguzi hukuta kazi imeshang'aa. Mbao zetu nyingi ni paina kutoka Mafinga, na mara nyingi hushushwa zikiwa bado mbichi. Mbao ikikauka hunywea upana na unene. Urefu wake haubadiliki sana. Fundi mwenye haraka hukutanisha kichwa cha mbao na ubavu wa mguu, akapigilia misumari ya inchi nne kupitia mguuni. Msumari unaoingia kichwani mwa mbao hufuata nyuzi badala ya kuzikata, kwa hiyo hushika kidogo sana. Gundi nayo ikipakwa hapo hunywewa yote. Miezi michache tu, mbao imenywea na msumari unacheza. Watoto watatu wanaojisukuma nyuma kila mwalimu anapogeukia ubao wanamalizia kazi iliyobaki.

Dawa yake ni ya zamani. Mbao ya kukalia ikatwe ulimi, unene wake kama theluthi moja ya unene wa mbao, uingie kwenye tundu lililochongwa kwa patasi mguuni. Vizuri zaidi utokeze upande wa pili na upigwe kabari. Ulimi mzuri huingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mti. Ukidumbukia wenyewe umelegea, ukitaka nyundo ya chuma utaupasua mguu. Mabega ya ulimi, yaani kingo za mbao zinazobaki pembeni ulimi ukishakatwa, yakae bapa, yaushike mguu barabara, kwa sababu ndiyo yanayozuia dawati kuyumba. Na hapo ndipo wengi tunapochakachua. Bega likiacha mwanya, unga wa mbao unachanganywa na gundi, mwanya unazibwa, unapigwa msasa, vanishi juu. Baada ya mkono wa pili wa vanishi, hata mimi siwezi kuapa kama ndani kuna ulimi au misumari mitatu.

Siwalaumu mafundi peke yao. Zabuni inayotaka madawati mia ndani ya wiki mbili inamlazimisha mtu kutumia mbao mbichi. Paina ya inchi moja, ikipangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite, inahitaji wiki kadhaa. Ya inchi mbili inakaa zaidi. Tangu kampeni ya madawati ya 2016, tulipopewa hadi Juni 30 kumaliza upungufu, tumezoea kuripoti idadi. Idadi ilikuwa na sababu yake, watoto walikuwa wanakaa chini. Ila dawati likivunjika, ripoti iliyolihesabu hairudi kulifuta.

Utaambiwa tuhamie kwenye chuma. Sawa, fremu ya chuma ni nzuri, lakini mbao ya juu ikifungwa kwa bolti kwenye tundu linalobana, ikinywea inapasuka. Tundu la fremu litobolewe refu kidogo, mbao ipate pa kusogea. Na hilo pia halimo kwenye hati.

Kipo kipimo cha kimataifa cha viti, ISO 7173, ambapo mashine hugandamiza kiti na egemeo maelfu ya mara. Maabara ya hivyo wilayani hatuna, wala siiombi. Ninachoomba kinahitaji msumeno.

Mzabuni alete madawati yakiwa hayajapakwa kitu. Mkaguzi, na hata mwalimu wa useremala wa chuo cha ufundi cha VETA anatosha, aje na kipima unyevu, kile kidogo chenye sindano mbili; mbao iliyozidi asilimia 15 irudi. Kisha achague dawati moja mwenyewe, si lile lililowekwa mbele, likatwe katikati ya kiungo. Ukionekana ulimi, mengine yaende kwenye vanishi. Ikionekana misumari, mzigo wote urudi kwa mwenyewe. Bei ya dawati la kukatwa iandikwe kwenye mkataba ili fundi mwaminifu asipate hasara, na vipande vyake vitunzwe stoo ya halmashauri hadi muda wa dhamana uishe. Na muda wa kuleta kazi uongezwe, mbao zikauke.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi seremala