Usimgeuze mama akawa wa kambo

Swahiba wangu,

Habari za Mbale, na baridi ya mlimani inakuachaje? Huku Busia mvua imekuja na fujo zake, malori yamepanga foleni mpaka karibu na kwetu, na mimi hapa kwenye duka la vitenge nimekaa wiki nzima bila mteja wa maana, ndo nikapata nafasi ya kuisoma riwaya yako ya kutisha, hiyo uliyosimulia upya hadithi za zamani za Wazungu. Nimemaliza yote. Nimeisomea kwa simu, chaji ikiisha napeleka kwa jirani mwenye sola, narudi naendelea, na juzi usiku nimeisoma mpaka saa tisa halafu nikaogopa kutoka nje kwenda chooni, wallahi nimekaa nimejibana mpaka adhana ya alfajiri.

Umeweza, dada. Ile ya mtoto wa kofia nyekundu umeirudisha vile Perrault aliiandika huko Ufaransa 1697, mbwa mwitu anamla bibi, anamla na mtoto, basi, imeisha, hakuna mwindaji wa kuja kupasua tumbo. Watu wamezoea ile ya akina Grimm, wale ndugu wawili Wajerumani waliokusanya hadithi, wanatolewa tumboni wazima wanacheka, wewe umeacha kitanda kitupu na kofia chini. Na huo msitu wako unanuka! Nimeuona kama Mabira saa za jioni, ukishapita pale Najjembe kwenye wauza kuku wa mishikaki, taa zao zikibaki nyuma na miti ikifunga barabara pande zote mbili, abiria wote kwenye teksi wananyamaza bila kuambiwa.

Sura ya nguva ni nzuri, sina neno. Viatu vya chuma pia usiviguse, maana ndivyo ilivyo kwa akina Grimm wenyewe, malkia wa Snow White anaalikwa harusini anavalishwa viatu vya chuma vilivyowekwa kwenye makaa mpaka vikawa vyekundu na anachezeshwa mpaka anaanguka amekufa. Watu wakisoma watasema umezidisha lakini ukweli haukuzidisha hata kidogo.

Sasa nikuambie kilichonikaa rohoni. Sura ya saba.

Huyo malkia wako umemfanya mama wa kambo, kama wanavyofanya wote. Najua Snow White tunayoijua iko hivyo. Lakini nilipofika pale nikaacha kusoma nikaanza kutafuta, na kumbe ile ya kwanza kabisa waliyochapisha Jacob na Wilhelm Grimm mwaka 1812 haikuwa na mama wa kambo. Alikuwa mama yake mzazi! Aliyekaa dirishani akaomba apate mtoto mweupe kama theluji, mwekundu kama damu, akampata, na mtoto alipofika miaka 7 akawa mzuri kumshinda yeye, ndiye huyohuyo akamwambia mwindaji kamuue uniletee mapafu na ini, na alipoletewa ya nguruwe mwitu akayala na chumvi akidhani ni ya mwanawe. Mama aliyembeba tumboni. Halafu chapa ya 1819 wakabadilisha, mama mzazi wakamuua mwanzoni wakamleta wa kambo. Hansel na Gretel vilevile, aliyesema watoto wakatupwe porini alikuwa mama yao mpaka 1840 ndo akageuzwa wa kambo. Yaani waliona aibu. Hawakutaka watoto wasikie kwamba mama mzazi anaweza, kwa hiyo wakautwika huo mzigo mwanamke mwingine. (Cinderella yeye alikuwa na wa kambo toka mwanzo, sikatai.)

Na wewe unanijua mimi nimelelewa na nani.

Nilikuwa na miaka sita Baba alipomleta mama yangu wa kambo, na shuleni watoto walishanijaza hizo hadithi, wananiambia usile chakula chake atakuwekea sumu, na mimi nikawa nakaa na njaa mchana kutwa, mama wa watu anapika samaki na mawele anakuja kuniwekea mbele naangalia tu. Siku tatu hivi. Hakunigombeza. Siku ya nne alikula yeye kwanza kwenye sahani yangu, vijiko viwili, akanisogezea.

Halafu kuna kitana. Ndo maana sura ya saba imenishinda, maana umekiweka kile kitana cha sumu, na umekiandika vizuri sana, mpaka meno yake nimeyaona. Mama alikuwa na kitana cha mbao. Jumamosi jioni ananikalisha mkekani katikati ya magoti yake, ananipaka mafuta ya shea waliyokuwa wanamletea kutoka kwao Lira, yale yananuka moshi kidogo, anaanza kunichana. Nywele zangu si unazijua. Akifika penye fundo hakuvuta, alikuwa anashika nywele pale pale kwenye mzizi na vidole vya mkono wa kushoto, anabana, halafu ndo anavuta na kitana huku juu, ili maumivu yasifike kichwani. Kila fundo. Miaka yote hiyo hadi naingia sekondari.

Kwa hiyo nikisoma mama wa kambo anachomeka kitana mtoto anaanguka, mkono wangu wenyewe unaenda kichwani. Sikulaumu, umepokea hadithi kama ilivyokuja. Lakini nakuomba, na sikuombi kwa ajili yangu tu, nakuomba kwa ajili ya kitabu: mrudishe mama mzazi. Hata kwa kutisha itatisha zaidi, maana msomaji wa mama wa kambo yuko macho toka ukurasa wa kwanza, anajua huyu ni mbaya. Mama mzazi akishika kitana mtoto anafumba macho na kulaza kichwa. Hapo sasa ndo msomaji atapiga kelele.

Na usiseme ni mambo ya Wazungu. Angalia hapahapa kwetu Uganda, Kintu, mtu wa kwanza katika hadithi za Waganda, na mkewe Nambi wakiondoka mbinguni kwa Gulu, baba yake Nambi, waliambiwa wasirudi nyuma, wakarudi kwa sababu ya wimbi, ile nafaka ya kuku, na aliyewafuata ni nani? Walumbe, kifo chenyewe, na Walumbe ni kaka yake Nambi! Ndugu wa damu. Mpaka leo ukienda Ttanda kule Mityana utaonyeshwa yale mashimo alimopotelea akikimbizwa na kaka yao mwingine, Kayikuzi. Na Njabala wa Waganda je, yule binti aliyedekezwa hajui jembe, mama yake amekufa lakini anatoka kaburini kumlimia, kazi inaenda mpaka siku siri inafichuka. Hebu niambie, huyo mama anampenda mtoto au anamharibu? Mimi tangu utotoni nimeshindwa kujibu. Na Cinderella wa Grimm naye anaenda kulia kwenye kaburi la mama yake chini ya mti na ndege anamtupia magauni. Hao mama wawili ukiwakutanisha katika kitabu chako, sijui hata nitakisomaje usiku.

Jambo dogo tu, sura ya nne yule mwindaji wa jicho moja, jicho lake ni la kushoto halafu baadaye ni la kulia, angalia hapo.

Kile kitana bado ninacho, alipofariki ndugu zake walichukua vyombo na magauni yake ya gomesi, mimi nikaomba hicho tu. Meno mawili yamekatika upande mmoja na bado kinanuka shea ukikiweka juani. Mvua ikipungua nakuja Mbale, nitakuletea ukishike kwanza mkononi kabla hujaiandika upya hiyo sura.

Wasalimie nyumbani wote.

Ni mimi wako,
wa Busia