Jaribu wino mweusi, shoga

Shoga yangu,

Asalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena na tena, unasema tangu bi mkubwa atangulie mbele ya haki hutaki hata kuziona rangi, ile nyekundu na manjano zinakukera, na huku Mji Mkongwe wateja wanaulizia picha zako nawaambia bado. Sikulaumu hata kidogo.

Ila nataka nikwambie kitu. Mie siku hizi nachora kwa wino mweusi mtupu, ule uchoraji wa China na Japani. Wino wao wa asili ni masizi na gundi ya ngozi, vinakaushwa vinakuwa kijiti, unakisugua kwenye jiwe na maji kidogo kidogo, na huko kusugua tu kunakupoza kichwa kabla hujashika brashi. Mie natumia wa chupa. Ukizidisha maji unafifia mpaka unakuwa kama moshi, ukipunguza unakuwa kiza totoro, wino huo huo mmoja. Na karatasi yao inanyonya hapo hapo, hakuna kufuta wala kupaka juu yake, mkono ukitetemeka basi mtetemeko unabaki. Umemuona mwalimu anavyoandika kombe kwa zafarani? Anatulia kwanza, halafu mkono haurudi nyuma. Ndo hivyo. Na ndo ninachokipenda khasa, maana sie tumezoea kupaka juu kwa juu mpaka picha icheke, na wewe sasa hivi huna haja ya kumchekea mtu.

Kuna Mjapani wa zamani, Hasegawa Tōhaku, mwanawe alokuwa mchoraji mwenziwe alifariki 1593, kijana bado. Wengi wanaamini ile picha yake ya misonobari kwenye ukungu aliichora baada ya msiba huo. Ipo makumbusho ya taifa Tokyo, mie nimeiona kwenye simu tu lakini wallahi ilinitoa machozi. Misonobari mingine imekolea, mingine inapotea potea, na sehemu kubwa ya karatasi hajaigusa kabisa. Hakuchora mtoto wala kaburi. Lakini ukiitazama unajua kuna mtu hayupo.

Na kama ni hasira (maana yale ya hospitali najua hujayasahau, na mie sijayasahau), mtafute Bada Shanren wa China, alozaliwa ukoo wa wafalme wa Ming, utawala ukaanguka 1644 akaishia kuwa mtawa. Samaki wake na ndege wake wanakutazama kwa jicho la ghadhabu hasa, na wino wenyewe kidogo tu.

Nakuwekea chupa ya wino na karatasi kwenye boti ya Alhamisi. Chora ile baraza bi mkubwa alokuwa akikaa jioni, yeye mwenyewe usimchore. Ukitaka kunionesha nioneshe, usipotaka sikudai. Nambie tu nani atakwenda kupokea bandarini Mkoani, maana huko Wete hadi Mkoani ni mbali na sitaki usumbuke mwenyewe.

Wako,
shoga yako wa Unguja