Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, sitamwingilia. Vikao vilifanyika, ada zinachechemea kama kawaida yake. Mimi nina jambo moja tu: Joseph Lister, mpasuaji tuliyemchagua kuwa mada yetu ya mwaka, na daftari la vidonda, lile tunamoandika hali ya vidonda vya wagonjwa wetu.

Najua wapo walionong'ona kwamba wauguzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, tuna shida zetu, ya Uingereza ya 1865 yanatuhusu nini. Agosti 12 mwaka huo, Glasgow, alifikishwa kwake mtoto wa miaka 11, James Greenlees. Gurudumu la mkokoteni lilikuwa limempita mguuni, mfupa umetoboa ngozi. Enzi hizo jeraha la namna hiyo mara nyingi lilimalizwa kwa msumeno, kwa kuogopa usaha. Madaktari wenyewe walipasua wamevaa makoti yaliyokakamaa kwa damu ya wagonjwa wa jana. Lister alikuwa amesoma kazi ya mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur kuhusu vijidudu, tena akasikia kuwa mji wa Carlisle unamwaga asidi ya kaboliki, dawa kali ya kuua vijidudu, kwenye maji taka. Akalowesha kitambaa kwa asidi hiyo, akafunga kidonda.

Siku ya nne mtoto akalalamika maumivu. Sote tunaijua siku ya nne, ndipo kidonda kilichoharibika huanza kujionyesha. Lister akafungua, akanusa: hakuna harufu ya kuoza, hakuna usaha. Ngozi tu imebabuka kwa ukali wa dawa, basi akaizimua kwa mafuta ya zeituni. Wiki sita baadaye mfupa ulikuwa umeunga.

Wengi wangeishia hapo na kushangiliwa. Yeye alihesabu. Kabla ya dawa, katika wagonjwa 35 aliowakata viungo, walikufa 16. Baada yake, katika 40 walikufa 6. Kisha akabuni pampu ya kunyunyizia kaboliki hewani, wasaidizi wakakohoa na kuchubuka mikono kwa miaka. Mwaka 1890, mbele ya madaktari waliokusanyika Berlin, akasema anaona haya kuwa aliwahi kuipendekeza. Kwangu hilo ni kubwa kuliko asidi yenyewe, ambayo leo hatuitumii kwenye kidonda.

Sasa daftari letu. Waliorudisha kurasa ni wachache. Sehemu moja, sitaitaja, miezi mitatu imejazwa kwa kalamu ile ile, mwandiko haujatetereka, na kila kidonda ni "kikavu". Jamani! Nami si mtakatifu. Nilipokuwa kijana niliwahi kuandika "kikavu" bila kufungua bandeji, usiku umekucha na gari la zamu linapiga honi. Hatutafuti wa kumwadhibu, ndiyo maana majina hayaandikwi.

Fomu mpya anazo katibu, pale mlangoni. Tumeongeza safu ya siku ya nne, na nyingine ya harufu. Chukueni kabla ya chai, maana baada ya chai nawajua.