Mwanangu, usile kwa woga

Kwa mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, nasikia tangu uhamie Bamburi unaishi kwa uji na chai ya rangi, eti kila chakula kinakudhuru. Hilo limenikosesha usingizi. Ugonjwa wa Crohn haukuletwa na chakula fulani ulichokula, wala hakuna chakula kimoja kinachouponya. Kinga ya mwili wako ndiyo inayoushambulia utumbo, na dawa ndizo zinazoituliza. Kazi ya chakula ni kukulinda usikonde, usiishiwe maji wala damu. Ukijinyima, ugonjwa umepata msaidizi.

Siku ugonjwa umeamka, unahara na tumbo linasokota, pika vitu laini: wali ulioiva mpaka ukalegea, viazi vya kuponda, boga lililomenywa, mayai ya kuchemsha, samaki changu wa kuchemsha kwa ndimu na chumvi. Kula kidogo kidogo mara tano au sita. Kwa kilo zako 60 unahitaji protini gramu 72 hadi 90 kwa siku, kwa sababu uvimbe wa utumbo unamaliza misuli. Yai moja lina gramu 6 hivi, samaki aliyeiva wa gramu 100 ana 20 na kidogo, kikombe cha maziwa kina 8. Basi mayai matatu, samaki gramu 200 na vikombe viwili vya maziwa vinakufikisha. Maziwa yakikujaza gesi, kunywa mtindi. Sukari ya maziwa imeshapungua humo.

Sasa nazi, maana najua umeiacha kabisa. Ugonjwa wako uko mwisho wa utumbo mwembamba, pale ambapo nyongo hufyonzwa irudi kwenye ini. Pakivimba, nyongo inateremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, nawe unahara. Na mafuta nayo hayasagiki vizuri. Ndiyo maana viazi karai na mahamri hukusumbua. Lakini huna haja ya kuikimbia nazi yenyewe. Ikune nazi, ikamue, kasimile, lile tui zito la kwanza, waachie wenzako, kisha tia maji ya vuguvugu ukamue tena. Tui hilo la pili ndilo lako. Kifumbu hupitisha machicha, kwa hiyo lichuje mara nyingine kwa kitambaa safi, na mchuzi utabaki na ladha yake.

Ukihara sana, maji matupu hayatoshi. Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai, unywe kidogo kidogo siku nzima. Usitumie maji ya kisima yenye chumvichumvi, kipimo kitaharibika. Madafu ni mazuri, ila chumvi yake ni kidogo, hayashiki nafasi ya maji haya.

Ugonjwa ukitulia, usibaki kwenye chakula cha mgonjwa. Hapa ndipo wengi hudhoofika bila sababu. Rudisha chakula kimoja kwa wakati, nusu kikombe kwa siku tatu, na uandike kwenye daftari ulichokula, saa, na ulikwenda chooni mara ngapi. Anza na papai, mchicha wa majani bila mashina, pojo zisizo na maganda. Mbaazi zije baadaye, vijiko vitatu kwanza. Chakula kikikukataa mara moja usikifukuze. Kijaribu tena baada ya wiki kadhaa.

Isipokuwa daktari akikwambia kuna mahali utumbo umebana, njia yake imekuwa finyu. Hapo mahindi ya kuchoma, njugu, machicha na embe zenye nyuzi ziache kabisa, kwa sababu zinaweza kuziba njia. Tumbo likivimba, ukatapika na hata upepo hautoki, nenda hospitali usiku huohuo.

Damu: vitamini B12 hufyonzwa palepale penye ugonjwa, kwa hiyo omba ipimwe, na ukipungukiwa utachomwa sindano. Madini ya chuma kula na ndimu, na chai isubiri saa moja baada ya chakula, kwani huyazuia yasifyonzwe. Ukiandikiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, mifupa inahitaji kalsiamu: dagaa wanaoliwa na miiba yao, na mtindi. Dawa hiyo usiikatize ghafla hata ukijiona umepona. Maumivu ya kichwa yatulize kwa parasetamoli; ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuamsha ugonjwa. Sigara na shisha, mwanangu, nakuomba usiziguse. Sigara huuzidishia nguvu ugonjwa huu.

Ramadhani ikiingia nawe unaumwa, Kurani 2:185 imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Usione haya mbele ya mtu. Ukiwa umetulia na unatamani kufunga, muone daktari kabla ya mwezi kuandama, akupangie saa za dawa.

Jipime uzani kila Ijumaa asubuhi kabla ya kula, uandike kwenye daftari lilelile. Ukipungua kilo 3 ndani ya mwezi, au ukiona damu au homa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo, na daftari ulichukue.

Mamako