Barua kwa Mama, na kwa wote waliokuwa kwenye kikao

Jackson Heights, Queens
New York

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Mguu umepona. Kazi ipo, wamenibadilishia zamu tu, sasa naingia usiku. Dada Mwanaidi, ukimsomea Mama usiruke maneno, na kama Shangazi Mwanamvua yupo barazani, paza sauti kidogo.

Nimeamua kuandika barua nzima kwa sababu kwenye grupu la familia kila nikianza kueleza jambo Seif anatuma picha ya pikipiki. Seif, pikipiki nimeiona. Nimeiona mbele, nyuma na ubavuni.

Kilichoninyima usingizi wa mchana ni habari ya Mjomba Kombo. Nimesikia alivyosimulia kwenye kikao cha harusi ya Zuhura, kwamba alipopitia huku akitoka kwa Nassoro Boston nilimlisha uchochoroni, nyuma ya duka la simu, akanawa mikono kwenye sinki la ukutani mbele ya kadamnasi, na kwamba mimi, Rehema, Marekani imenichosha. Mjomba ni mkubwa wangu, amenibeba mgongoni, sitamjibu. Naeleza tu.

Kwanza mjue ninapokaa, maana naona wengi mnadhani nakaa kwenye ile kalenda ya Baba Mdogo. Majengo yale yapo Manhattan. Huku treni namba 7 inapita hewani, juu ya machuma, katikati ya barabara ya Roosevelt, na ikipita wote mnanyamaza mpaka iishe ndipo maneno yaendelee. Chini ya ardhi zinapita nyingine, E, F, M na R. Ukitoka kituoni ukashika Mtaa wa 74 uko kwa Wahindi: maduka ya dhahabu, sari, mchele wa magunia. Hao wengi wao walianza kuingia baada ya Marekani kubadilisha sheria ya uhamiaji mwaka 1965. Mtaa unaofuata tu, wa 73, ni Wabangladeshi watupu. Wanepali na Watibeti wamejibanza hapo katikati. Ukiifuata treni kuelekea Mtaa wa 82, Kihispania kinatawala: Wakolombia, Waekwado, Wameksiko. Ukishuka upande wa Elmhurst unakutana na Wathai na Wachina. Wote hao wanapika, na wote wanaamini wengine hawajui kupika.

Kwa hiyo hapa mtu akisema "twende tukale nje" ameanzisha kikao kuliko hicho chenu. Huyu hali nguruwe, huyu hali ng'ombe, huyu hali chochote kilichokuwa na macho, huyu analipwa Ijumaa na leo ni Jumatano. Na mimi, nasema bila kujisifu, ingawa mkiona ni kujisifu pia sawa, mimi ndiye ninayeulizwa. Kazini kwetu hawatoki kwenda kula mpaka wamuulize Rehema. Bosi wetu mzaliwa wa hapahapa Queens, alipotaka kumpeleka mkwewe mahali, alinifuata mimi kwenye kabati la vifaa akaniuliza kwa kunong'ona. Nikampeleka kwa Wathai, akarudi Jumatatu akinishukuru mbele ya watu. Mama, mwanao anawaelekeza New York wenyeji wa New York. Hilo Mjomba hakulitaja kwenye kikao?

Nachaguaje? Siangalii taa wala vitambaa vya meza. Naangalia wanaokula. Teksi za njano zikiwa zimepaki vibaya nje saa tisa alasiri, wakati wa chakula cha mchana umepita na wa usiku haujafika, ingia, maana dereva wa teksi hana muda wa kula ovyo na madereva wengi hapa ni Wabangladeshi. Ukiona orodha ya vyakula kurasa kumi, piza humo, tambi humo, biriani humo, toka polepole. Ukiona bibi ameletwa na wanawe na halalamiki, kaa kitako. Nyama naulizia kwanza. Mtaa wa 73 karibu kote ni halali, wameandika mlangoni. Kwa Wanepali na Watibeti nakula momo za viazi, vitu vya unga vilivyofinyangwa vikapikwa kwa mvuke na pilipili ya kuchovya inayotoa machozi. Za nyama nawaachia wenyewe. Kwa Wakolombia nachukua arepa, mkate wao wa unga wa mahindi, ya jibini, na muhogo wa kukaanga.

Sasa siku ya Mjomba. Alitaka tukale Times Square, kule Manhattan kwenye mataa. Nikamwambia Mjomba, pale twende tukaone taa, bure, tukale nyumbani. Maana mjue bei za huku zinadanganya. Kwenye karatasi imeandikwa dola 30, wewe unadhani ni dola 30. Kuna kodi ya mauzo, 8.875 kwa mia, hawaiandiki kwenye orodha. Halafu bakhshishi ya mhudumu, siku hizi 18 mpaka 20 kwa mia, na usipoacha wanakutazama mpaka mlangoni. Sahani ile imeshakaribia dola 39. Na tulikuwa watatu, mimi, Mjomba na yule kijana wa Nassoro anayekula ya wawili. Mwanaidi, chukua simu upige hesabu kwa bei ya dola ya leo, kisha uangalie mabati ya chumba cha nyuma yanauzwaje.

Nikawapeleka Mtaa wa 73. Ni kweli unaingilia duka la simu. Mbele kijana anabadilisha vioo vya simu, pembeni kuna dirisha la kutuma fedha, unapita kwenye kijia, ndipo chumba kinafunguka, meza zimejaa na watu wamesimama wakingoja. Mlangoni kuna karatasi ya Idara ya Afya ya jiji. Tangu 2010 kila mgahawa hapa unakaguliwa na kubandikiwa herufi nje, kila mpita njia aione. Hapo palikuwa na B. Basi! Mjomba mwalimu hata akistaafu ni mwalimu. Akavaa miwani, akaisoma, akauliza mbona hawakupata A. Nikamweleza kwamba huku alama ni za makosa, ukiwa nazo kidogo ndio umefaulu: sifuri hadi 13 ni A, 14 hadi 27 ni B, zaidi ya hapo ni C, na alama nyingine unapata kwa sababu ya friji kutopoa vizuri tu. Akatikisa kichwa, akasema shuleni Usagara wangeyasahihisha tena. Lakini harufu ya kitunguu ilikuwa imeshamfikia, akaingia.

Na hapa ndipo naomba kikao kinisikilize. Waliletewa wali mweupe wa kawaida, dengu, viazi vilivyopondwa na mafuta ya haradali na pilipili kavu ya kuchoma, dagaa wa kupondwa, na samaki anaitwa ilish kwenye mchuzi wa haradali. Huyu samaki ana mafuta kuliko kibua, ila miba yake ni myembamba mno, imejipanga kila upande, na wageni wengi humshindwa wakamwacha sahanini. Kijana wa Nassoro alimshindwa. Mjomba Kombo akakunja mikono ya shati. Alikuwa anachambua kwa vidole viwili, ulimi unasukuma mwiba pembeni ya mdomo, anautoa, anaupanga ukingoni mwa sahani mmoja baada ya mwingine, na maneno yanaendelea hayakatiki. Mhudumu akasimama kumtazama. Akaenda jikoni, akarudi na kichwa cha samaki ambacho hatukukiagiza, akakiweka mbele ya Mjomba na hakukiandika kwenye bili. Mjomba alikinyonya kichwa kile hakikubaki kitu cha kumpa paka. Kisha ndiyo, akanawa mikono kwenye sinki la ukutani, kwa sababu kila mtu pale anakula kwa mkono na kila mtu ananawa pale, na sabuni ipo. Hapo nyumbani tunanawa wapi, kwenye bakuli la dhahabu?

Tulipotoka akaona wanauza tambuu. Mama, tambuu kamili, jani, chokaa, popoo, wanakufungia hapohapo kwenye kijidirisha, na barabara imejaa madoa mekundu ya watu kutema. Mjomba alisimama, akasema "marehemu Mama angefika hapa asingeondoka." Akanunua mbili. Wote watatu tulikula tukashiba kwa chini ya dola 60, bakhshishi ndani. Hayo ya kichwa na tambuu kayasahau njiani, labda kwenye ndege. Si neno.

Ila kuna jambo moja mniamulie kama familia, maana naona nusu yenu mnaniombea dua kwa umaskini na nusu mnanisema kwa ubahili. Shangazi anasema nimechoka, nisaidiwe nirudi. Baba Mdogo anasema ninazo, nazificha, ndiyo maana namlisha mkubwa uchochoroni. Wiki hiyohiyo nikapata ujumbe wa mabati, wa harusi, wa karo na wa pikipiki. Sasa mimi ni fukara au bahili? Mkiamua nijulisheni, nami nijue nishike lipi. Picha ile iliyowachanganya, ya mimi na glasi ndefu na maua mezani, ni sherehe ya kumuaga mwenzangu, alilipa bosi. Nilikula saladi na usiku nikajikaangia mayai.

Tena mnajua ninapokula kwa hamu? Kwenye kitoroli. Mtaa huohuo wa 73 wanauza fuchka, vibofu vidogo vya unga vilivyokaangwa vikawa vikavu, kimoja kimoja kinatobolewa juu, kinatiwa viazi na njegere na yai la kukwaruza, halafu kinamiminiwa maji ya ukwaju. Unakula umesimama, chote mara moja mdomoni, ukisita maji yanamwagika kifuani. Mara ya kwanza ule ukwaju uliponigusa ulimi nilijiona niko tena kwenye foleni ya urojo kwa Mama Salma, sare ya shule mwilini, na Zuhura ananivuta mkono nimwachie bajia. Nikaagiza sahani nyingine nisiongee na mtu.

Kwa sababu chetu chenyewe hapa hakipo. Dunia nzima imeweka meza kwenye mitaa hii na sijaona anayepika muhogo wa nazi. Nikitamani sana napanda treni mpaka Harlem, Mtaa wa 116, kuna Wasomali, wanakupa wali wa nyama na ndizi mbivu pembeni, na mwenye hoteli akiniona ananisalimia kwa Kiswahili, tunazungumza Mombasa mpaka chakula kinapoa. La sivyo najipikia. Muhogo nanunua kwa Wakolombia, umepakwa nta ganda zima usioze safarini, unaukwangua kisu kinateleza. Nazi inatoka kwenye friji, imekunwa kiwandani. Tui linatoka, sikatai. Jirani yangu Mnepali alionja akasema ni tamu lakini inakosa pilipili, nikanyamaza, maana pilipili yenyewe ilikuwa humo.

Haya, ya fedha. Nimetuma leo, Mwanaidi utazipokea kwa simu yako. Laki nne ni za mabati, akabidhiwe fundi Ally mkononi, zisipitie kwa mtu, na Baba Mdogo anaelewa kwa nini nasema hivyo. Laki mbili ni mchango wa Zuhura, niandikwe kwa jina langu, si "familia". Elfu hamsini ni dawa za Mama za presha, na Mama, tafadhali uzinywe, usizigawe kwa majirani. Karo ya mtoto wa Mwanaidi nitaimalizia mwisho wa mwezi. Elfu thelathini mpelekeeni Mjomba Kombo, kwa heshima, kwenye bahasha, mwambieni Rehema anasema ni za samaki. Na akijaliwa kuja tena nitampeleka Times Square, palepale kwenye taa, akae mezani kwenye kitambaa cheupe, aagize anachotaka. Bili itawekwa upande wake.

Seif, ya pikipiki haimo. Leta kwanza leseni.

Salamu kwa Bi Mkubwa wa Makorora, kwa watoto wote, kwa Mama Salma kama bado anauza.

Mwanao,
Rehema

Zuhura: siku ya harusi msinijazie picha za keki. Nataka pilau likipakuliwa, na nani alisimama kwenye masufuria, maana nasikia mnataka kuwapa watu wa kukodi. Bi Mkubwa yupo hai na mnakodi mpishi? Nipigieni kabla hamjalipa kishika uchumba cha huyo mpishi wenu.