Kwenu viongozi wapya wa vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima wa korosho, kutoka kwa mzee wa mizani

Wanangu,

Nimesikia mmechaguliwa. Hongereni, na poleni. Msimu ukifunguliwa Oktoba mtashinda ghalani kuliko kwenu, na kila gunia litakalopungua mtaulizwa ninyi.

Nimepima korosho huku Newala miaka mingi, kisha nikawa katibu. Mambo ya vitabu vya hesabu mtafundishwa na wakaguzi. Mimi nina neno moja, nililopewa na fundi mmoja Msinhala, Mbudha, aliyekuja kufunga mitambo ya kubangulia. Mimi ni Mwislamu na nitazikwa Mwislamu. Elimu naiokota ilipo.

Alinieleza kwamba dini yao inamtaka mtu alee moyoni mambo manne: metta, kumtakia mwenzio heri, karuna, huruma, mudita, kufurahia mwenzio anapofanikiwa, na upekkha, moyo uliotulia, usioyumbishwa na sifa wala lawama. Hapo sikushangaa. Kilichonikamata ni alichoongeza: mwanachuoni wao Buddhaghosa, aliyeandika huko Sri Lanka katika karne ya 5, alisema kila wema kati ya hayo una adui wa mbali na adui wa karibu. Wa mbali kila mtu anamjua. Wa metta ni chuki. Wa karibu ndiye hatari, maana amevaa kanzu ileile.

Adui wa karibu wa metta ni mapenzi yenye tamaa. Mpwa wako analeta korosho mbichimbichi, unampokea daraja la kwanza, moyoni unaita upendo. Mzigo ukifika ghala kuu unashushwa daraja, na wanaoumia ni waliokausha zao vizuri. Wa karuna ni majonzi: unalia na mkulima aliyecheleweshewa malipo, lakini benki huendi kuuliza. Mudita nawaachia wenyewe. Chama jirani kikipata bei nzuri mnadani, sikilizeni tu neno la kwanza linalowatoka.

Kwenye upekkha mimi ndiye niliyeanguka. Adui wake wa karibu ni kutojali. Mwaka mmoja karani wetu alikuwa akinunua kangomba: kipindi cha njaa anawapa watu vijisenti, msimu ukifika korosho zao zinaingia ghalani kwa jina lake. Nilijua. Nikasema subira, Mola ataamua, tena nikajiona mtu mtulivu kweli. Kumbe nilikuwa nakwepa ugomvi na baba yake, tuliyekuwa tukinywa naye kahawa kila jioni. Siku ya malipo akaja mama mmoja mjane, amevaa kanga yake ya kutokea, akaniuliza, "Baba, mbona jina langu halimo?" Mikorosho yake ilikuwa imezaa sana mwaka ule. Nikainamia daftari, nikajifanya natafuta.

Nilipomsimulia yule fundi, pole hakunipa. Aliniuliza tu kama ningetulia hivyohivyo korosho zile zingekuwa zangu.

Msimu huu nitakuja na magunia yangu mawili. Chomeni mkono ndani mpaka chini, mtoe korosho mzitikise, msikie kama zinalia. Zikiwa hazijakauka, nirudisheni nazo nyumbani, hata watu wakiwa wamejaa.

Ni mimi mzee wenu,
Newala